Mama Adolphine, Uliyepita Kizuizini na Watoto Wawili

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ya mvua uliposukuma kando sahani ya uyoga, ukasema chumvi haitoshi, ukaenda kujilaza kidogo "kupumzisha macho", na hukuamka tena. Kama ungepewa nafasi ya kuchagua, tunafikiri ungechagua hivyohivyo: tumbo limeshiba, mahindi yamekwisha kupandwa, na neno la mwisho ni la kumgombeza mpishi. Mpishi alikuwa Annie. Mpaka leo anasema chumvi ilitosha.

Tunakuandikia wewe, lakini tunajua majirani watasoma. Wasome tu. Hukuwa mtu wa kunong'ona. Ukiwaita bata wako, waliokuwa wakipita kwenye barabara ya Kasenga waligeuka kuona nani anawaita.

Ulizaliwa upande wa Kasenga, ukaja mjini ukiwa bibi harusi mwembamba (ndivyo ulivyosema wewe, picha zinasema vingine). Baba yetu, Stanislas Kunda, alikuwa mtoto wa reli. Baba yake alifanya kazi ya reli, na yeye mwenyewe alikwisha kushika kazi hiyohiyo. Lakini moyo wake ulikuwa shambani. Alipoomba kiwanja nje ya mji ili alime, wenzake walimcheka kwa siku nyingi. Yeye mwenyewe alianza kusitasita. Wewe ulimaliza maneno kwa sentensi mbili: "Treni haizalake, Stanislas. Udongo inazalaka."

Na udongo ukazaa. Mahindi, muhogo, viazi vitamu, mchicha wetu wa lengalenga, na maboga uliyoyapandisha juu ya kile kichuguu kikubwa kilichozidi urefu wa nyumba yetu. Baba alitaka kukibomoa. Ulikataa, ukasema mchwa wamelima hapo kabla yetu na hakuna aliyewalipa. Kulikuwa na nguruwe jike uliyemwita Madame, kwa sababu alitembea kama mke wa bwana mkubwa akienda misani. Ulizungumza naye zaidi ya ulivyozungumza na sisi.

Siku za soko ulipakia mboga kwenye kinga yako, ile baiskeli nzito nyeusi, ukaenda kuuza mtaa wa Makomeno, nyumba kwa nyumba. Ulijua kuiendesha, Mama, lakini hukujua kuisimamisha. Ulisimama kwa kuegemea ukuta wa mtu. Wake wa makarani wa Makomeno walijua umefika waliposikia kishindo ukutani. Walitoka na mabakuli yao wakicheka, na wewe ulishuka ukicheka kuliko wao, huku ukipangusa vumbi kiwiko.

Hayo ndiyo tunayoyakumbuka kwanza, kwa sababu ulikuwa mtu wa furaha na hatutaki kukuvalisha sura nyingine sasa. Lakini wajukuu wameomba tuandike pia ile habari ya kizuizi cha barabarani, maana kila mmoja anaisimulia kivyake. Basi tunaiandika. Mama mdogo Marie-Thérèse, mdogo wako, amekaa hapa pembeni kuhakikisha hatuongezi askari.

Ilikuwa ile miaka Katanga ilipojitenga na nchi, mji wetu ukiwa bado unaitwa Elisabethville. Kiwanja kilichopakana na chetu kilikuwa cha Antoine na mke wake Ngalula, watu wa Kasai. Ngalula ndiye aliyekushika mgongo siku Annie alipozaliwa. Wewe ndiye uliyemfundisha kufuga bata, naye akakufundisha salamu za Kiluba cha kwao, na mlipogombana ilikuwa juu ya bata walioingia kwenye bustani ya nani. Kabila halikuwa neno la kila siku katika nyumba zile mbili.

Halafu likawa. Watu walianza kuulizana barabarani: wewe wa wapi, baba yako wa wapi. Siku moja vijana tusiowajua walifika kwa Antoine, wakatoa vyombo nje, wakasema watu wa Kasai warudi kwao. Ngalula alikuwa na mimba kubwa. Waliondoka na watoto wao wawili wakubwa, wakaenda kule ukingoni mwa mji ambako maelfu ya watu wa Kasai na Baluba wengine walikimbilia, wakaishi chini ya magunia, maturubai na matawi ya miti. Wewe ulikuwa bado unajikongoja kutoka uzazini. Constantin alikuwa kichanga. Na Baba hakuwepo. Alikuwa ameenda Kasomeno kununua samaki wakavu, barabara ikafungwa nyuma yake.

Marie-Thérèse anasema ulikaa kimya siku nzima, jambo lililomtisha kuliko bunduki. Kisha ukasimama, ukafunga Constantin mgongoni, ukapakia unga, lengalenga na bata mmoja aliyefungwa miguu kwenye kinga.

"Adolphine, unaenda wapi na vita hii?"

"Naenda kuona Ngalula."

"Batakuuwa!"

"Basi kuya na weye, batuuwe bote babili. Utasukuma kinga."

Akaja. Mpaka leo hajui kwa nini alikuja.

Kizuizini kulikuwa na mapipa mawili na mti uliolazwa juu yake. Askari walikuwa wawili. (Tunajua, Mama. Ulipoanza kusimulia walikuwa wawili. Laurent alipooa walikuwa sita. Kwenye kipaimara cha wajukuu kilikuwa kikosi kizima na gari la chuma. Marie-Thérèse anatikisa kichwa: wawili.) Mmoja alikuwa kijana, mwingine mtu mzima mwenye uso uliokunjwa.

"Mama, unaenda wapi?" aliuliza kijana.

"Naenda kuona ndugu yangu."

"Ndugu yako iko kabila gani?"

"Kabila ya jirani," ukamjibu. "Haujue ile kabila? Iko kubwa sana. Iko fasi yote, kila pahali."

Kijana alicheka. Yule mtu mzima hakucheka, ila aliinua mti, na mkapita. Bata alibaki kizuizini, na si kwa hiari yake.

Mlimkuta Ngalula chini ya turubai, amelala juu ya kanga yake. Alikuwa amekwisha kuzaa. Homa ilikuwa imemkamata na maziwa hayakutoka. Mtoto, msichana, alikuwa amefungwa kwenye shati la Antoine, mdogo mno, amechoka hata kulia. Antoine alisimama pale mikono ikining'inia, mtu mrefu aliyekuwa amekosa la kufanya.

Hukusema pole. Ulikaa chini vumbini, ukamfungua Constantin mgongoni, ukampa Marie-Thérèse, ukamchukua yule msichana ukamweka kifuani. Kwa muda hakufanya kitu. Ulikamua tone kwenye midomo yake, tone jingine. Constantin alilia kwa wivu na wewe ukamwambia, "Weye nyamaza, ulishakula asubuyi." Ndipo yule mdogo akashika.

"Adolphine," alisema Ngalula bila kufungua macho, "atakufa?"

"Mutoto mwenye kufa hanyonyake na nguvu vile. Ananiuma huyu! Ana meno?"

Ngalula alicheka. Alisema baadaye kwamba alishangaa kusikia kicheko na kugundua ni chake.

Ulirudi tena na tena, kila ulipoweza, na kila mara kizuizi kilikula sehemu yake ya mboga. Kisha habari zikafika kwamba watu wanapelekwa Kasai kwa treni, familia kwa familia. Zamu ya Antoine na Ngalula ilikaribia. Homa ya Ngalula ilikuwa imepungua, lakini mtoto bado alikuwa na uzito wa kuku, na safari ilikuwa ndefu, katika mabehewa yaliyojaa watu. Wazee waliokuwa pale walisema wazi kwamba mtoto kama huyu hatafika.

Ni Ngalula aliyekata shauri. Tunataka wasomaji walijue hilo, kwa sababu wewe siku zote ulisisitiza: hukumwomba. Alimnyonyesha kwa kile kidogo alichokuwa nacho, akamwita jina, Wivine, akakukabidhi.

"Bakia naye. Nitarudia kumukamata."

"Nitamulea," ulisema. "Na kila siku nitamwambia mama yake iko nani."

Hamkuagana zaidi ya hapo. Marie-Thérèse anasema mngeongeza neno moja tu, hakuna ambaye angeweza kuondoka.

Mlirudi hivyo: Constantin mgongoni, Wivine kifuani, kinga mikononi mwa mdogo wako. Kizuizini kijana alikuchungulia.

"Mama, ulipita na mutoto moja."

"Na sasa niko na babili. Unataka nikufundishe namna banazalikaka?"

Lakini safari hii yule mtu mzima alisogea. Aliinua kitambaa kwa ncha ya kidole.

"Huyu iko mutoto ya bale bantu ya kule."

"Iko wangu. Beko mapasa," ulisema, ukiwafanya mapacha palepale.

"Mapasa gani? Moja munene, moja sawa panya."

"Huyu munene anamuibiaka mwenzake chakula."

Hakutabasamu. Aliweka mkono juu ya mti, akasema mtoto abaki, wao watajua la kumfanyia. Kijana alikuwa anaangalia chini. Nyuma yenu watu walikuwa wamejikusanya na mizigo yao.

Ukakaa chini, Mama. Katikati ya barabara, mbele ya mapipa yale, ukanyoosha miguu kama mtu aliye uani kwake anayechambua mboga. Ukamfungua Constantin, ukamweka huku. Wivine ukamweka huku. Wote wawili wakashika, maana ilikuwa saa yao. Ukainua uso ukamtazama yule askari.

"Basi, baba. Kamata ule mwenye haiko wangu."

Wakanyonya. Sauti ilisikika, kwa sababu hapakuwa na sauti nyingine. Mwanamke mmoja kati ya waliongoja nyuma alikuja akakaa kando yako. Halafu mwingine. Walikaa tu, na barabara ikajaa akina mama waliokaa chini, na lori lililotoka mjini likasimama nyuma yao likipiga honi.

Yule mtu mzima aligeuza uso akatazama msituni. Mwisho alisema, kwa sauti ndogo kuliko ile ya kwanza, "Pita, mama. Pita, bapumuzike."

"Tungoje bamalize," ulimjibu. Na walingoja. Hapo Marie-Thérèse hana cha kusahihisha.

Kulikuwa na mapigano mjini baada ya hapo. Ulichimba shimo upande wa nyuma wa kile kichuguu, na milio ilipoanza ulitusukuma humo sote, na Madame akaingia bila kualikwa, akakataa kutoka. Laurent anasema alijifunza sala zote za Kanisa na sikio la nguruwe mdomoni. Tulicheka ndani ya shimo lile, Mama. Tulikuwa watoto, wewe ulikuwa unatetemeka, na bado ulitufanya tucheke.

Baba alifika siku moja mchana, amekonda, ametembea kutoka mbali, na mfuko wa samaki begani. Alisimama mlangoni akatazama mkeka wa watoto wachanga. Akatazama tena.

"Adolphine. Niliacha moja."

"Ulikawia, Stanislas."

Alivua kofia, akakaa kwenye mkeka, akambeba yule mgeni, na huo ndio ukawa mjadala wote.

Kujitenga kukaisha, bendera zikabadilika. Kutoka Kasai hakukuja habari. Wivine alinenepa, akatembea, akawa bingwa wa kufukuza bata. Na kila jioni, kabla ya ugali wetu wa bukari, ulimkalisha pajani ukamwambia, "Miye niko mama Adolphine. Mama mwenye alikuzaa iko Ngalula. Iko Kasai. Atarudia." Ulimfundisha na salamu ya kwao: *Moyo, mamu.* Jirani mmoja alikushauri uache, mtoto atasahau, mambo yatakuwa mepesi. Ulimpa boga zuri ukamwomba aende nalo kwake mapema.

Ngalula alirudi Wivine alipokuwa na miaka minne hivi. Hakutanguliza habari. Alionekana tu pale njia inapopinda, na kitambaa cha bluu na mzigo kichwani, akitembea polepole kama mtu anayeogopa kufika. Ulimwona kabla ya sote. Uliingia ndani na Wivine, na tulidhani unamficha. Ulitoka naye ameoshwa uso, amevaa gauni la Jumapili.

Mtoto alijificha nyuma ya sketi yako. Ngalula alisimama uani na hakuthubutu kunyoosha mkono.

"Wivine," ulisema, "huyu ndiye. Salimia mama yako."

Kichwa kilichungulia. "Moyo, mamu."

Ngalula akaketi chini palepale, mzigo bado kichwani.

Ulipika kuku. Ulisimulia meno, surua, kuanguka kisimani (hakuanguka, alilowa tu). Kisha ukachukua jembe ukasema unaenda kupalilia. Jua lilikuwa linashuka Baba alipokufuata. Annie alimfuata Baba, kwa hiyo tunajua.

"Shamba hii haina majani, Adolphine. Ulishaipalilia."

"Najua."

Baba alichukua jembe lingine, akaanza kupiga udongo mstari wa pili, kando yako. Mkalima shamba lililokuwa safi mpaka hamkuonana sawasawa.

Hukumwambia Ngalula abaki. Ulifunga nguo za Wivine katika kitambaa, ukaweka vinkubala vikavu vya safarini, maana mtoto alipenda wale viwavi kuliko nyama. Ngalula alikaa kwetu wiki moja, akikuangalia. Alimwona Wivine akianguka na kujua nani wa kumkimbilia. Alimwona akimpelekea Constantin nusu ya kila kitu. Asubuhi ya kuondoka alifungua kile kitambaa, akarudisha nguo kwenye kamba.

"Nikimubeba, nitamufanya yatima mara ya pili," alisema. "Nitaita Antoine akuye na batoto. Tutalima huku."

"Na kiwanja yenu bengine balishakamata," ulisema wewe, ukijipangusa pua kwa upande wa mkono.

"Basi."

"Basi nini? Kata hapa." Ukaonyesha kwa jembe, kutoka kichuguu mpaka kijito. Baba alikuwa amesimama nyuma yako. Alisema tu kwamba labda mngeacha miti ya machungwa upande wake, na mkamcheka wote wawili.

Jambo gumu kuliko kizuizi lilikuwa hili, na hukulisimulia kamwe, kwa hiyo tunalisimulia sisi. Uliamua Wivine alale kwa Ngalula. Jioni za kwanza alikimbia kurudi kwetu akilia, na wewe ulimbeba kila mara ukamrudisha, ukiimba kwa sauti yako mbaya njia nzima ili asisikie unavyopumua. Ulimweka mikononi mwa Ngalula, ukageuka. Mpaka siku moja hakukimbia tena. Siku hiyo ulikula bukari mara mbili na kusema ni kwa sababu ya njaa.

Baada ya hapo mambo yalikuwa mazuri, Mama, na yalikuwa mazuri kwa miaka mingi. Antoine na Baba walizeeka wakibishana juu ya machungwa. Nyumba mbili zilishiriki chumvi, jembe, na watoto. Wivine alikula chakula cha jioni kwenu wote wawili kila siku, akimwambia kila mmoja kwamba hajala. Siku ya harusi yake padri aliomba mama wa bibi harusi asimame. Mlisimama wawili. Padri alipotazama huku na huku, Marie-Thérèse akasimama pia, akasema, "Na miye nilisukuma kinga." Kanisa zima liliangua kicheko, na misa ilichelewa.

Tulimzika Baba, tukamzika Antoine. Ulilia kama ulivyocheka, kwa sauti kubwa, kisha ukarudi shambani. Ulilima mpaka mgongo ulipokataa, na ulipokataa ulikaa kwenye kiti ukalima kwa mdomo: "Annie, pale! Hapana, pale!" Vitukuu wako walidhani jina lako ni "Hapana".

Wiki hii tutakuombea misa. Ngalula atakuwepo, kiti cha mbele. Amezeeka sana, anasikia anachotaka kusikia, lakini tulipomwambia tunakuandikia alituita karibu, akatuomba tuweke na neno lake, kama alivyolisema, bila kulinyoosha. Hili hapa:

"Adolphine, batoto bote beko muzuri. Wivine anasumbua sawa zamani. Bata yako moja aliingia tena mu bustani yangu, nikamukula. Bingine nitakuelezea nikifika. Lakini usiniite mbio. Niko nasikia utamu ya dunia."

Wanaokukumbuka: watoto wako Laurent, Annie, Constantin na Wivine. Tulipopeleka tangazo hili gazetini, kijana anayeandika pale alituuliza kama Wivine aandikwe "mtoto wa kulelewa". Constantin, mtu mpole siku zote, alimwambia: "Andika mapasa yangu." Tena: mdogo wako Marie-Thérèse, rafiki yako Ngalula na watoto wake, wajukuu, vitukuu, na majirani wote wa barabara ya Kasenga.

Pumzika, Mama Adolphine Musonda. Siku zote uko nasi, na hatutachoka kukutaja.